Ngitili ya ukingoni: mwongozo kamili wa kurudisha wanyama kwenye mita 60 za ziwa

Mwaka wa kwanza tulianza kwa kupanda miti. Miche zaidi ya mia tatu kwa siku moja, picha za simu, wageni wameshika majembe mapya. Wiki ya tatu mbuzi walikuwa wamemaliza kazi. Vilibaki vijiti tu vya kuonyesha mahali miche ilipokuwa. Mzee mmoja aliyekuwa akipita pale kila jioni kunywesha ng'ombe wake akasimama, akatazama, akatuuliza: "Wanangu, mmepanda. Nani amefunga?"

Sisi tunaokaa kandokando ya Ghuba ya Speke, Ziwa Victoria, hatukupaswa kuulizwa swali hilo. Wasukuma wana ngitili tangu zamani: kipande cha ardhi kinafungwa mvua zinapoanza, nyasi zinakua bila kuguswa, kisha kiangazi kikikaza kinafunguliwa kwa ndama, maksai na ng'ombe wagonjwa. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza 1986, haukuleta elimu ngeni. Uliwaambia watu warudie ngitili zao, na miti ikarudi kwenye maeneo yaliyokuwa yamebaki vumbi, mingi ikichipua kutoka kwenye visiki na mizizi ambayo haikuwa imekufa.

Mwongozo huu unahamishia utaratibu huohuo ukingoni mwa ziwa. Badala ya nyasi za ndama tunafungia mafunjo, matete, vichaka na miti ya asili, ili fisi maji, kenge, kwale, korongo, na samaki kama furu na kamongo wapate pa kukaa. Unaweza kuufuata ukiwa na kiwanja kimoja kinachogusa maji, au mkiwa kitongoji kizima chenye kilomita mbili za ukingo.

Kwanza, habari ya mwindaji

Ukiuliza kwenye mwalo wowote, pale mitumbwi ya wavuvi inapofikia, kwa nini wanyama wameisha, utajibiwa "majangili". Ni kweli, lakini ni nusu. Mwindaji anachukua mnyama. Anayefyeka mafunjo anachukua chumba cha kuzalia, na mwakani hakuna cha kuwindwa wala cha kutazamwa.

Halafu hawa wawili wanasaidiana bila kujuana. Kichaka kikiwa na upana wa mita mia, mnyama ana njia ishirini za kwenda majini, na mtega waya hajui aweke wapi. Kichaka kikibaki ukanda wa mita tano kati ya bustani mbili za nyanya, njia inabaki moja, na waya mmoja unatosha. Kwa hiyo kila mita unayorudisha ni mtego mmoja unaoukosesha kazi. Kulinda makazi na kuzuia ujangili naziona kuwa kazi moja, na ndiyo maana mwongozo huu hauzitenganishi.

Hatua ya 1: Jua kilichopo kabla ya kugusa chochote

Kaa asubuhi tatu ukingoni, kuanzia saa kumi na mbili na nusu hadi saa mbili, ukiwa na daftari. Usitembee sana. Andika ndege unaowatambua: furukombe, mnandi, mdiria, nyangenyange, korongo taji wakiwepo. Usiyemjua mpige picha, au andika tu "mdogo, kifua chekundu, yuko ndani ya mafunjo". Wapo ndege ambao maisha yao yote ni ndani ya mafunjo, hawaendi kwingine. Mafunjo yakiisha, nao wameisha.

Jua likipanda, zunguka ukitafuta alama. Mavi ya fisi maji utayakuta juu ya jiwe au gogo karibu na maji, yana vipande vya magamba ya kaa na miiba ya samaki, na harufu yake hukosei. Njia ya kiboko ni pana, yenye mifereji miwili na kituta katikati. Kenge anaburuta mkia, kwa hiyo kati ya nyayo zake kuna mstari.

Kisha tazama ndani ya maji, kwa sababu hapo ndipo utakapopata hoja ya kuwashawishi wavuvi. Sangara aliletwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, na miaka ya 1980 alipoongezeka kwa kasi alimaliza aina nyingi sana za furu. Sehemu mbili zilizowahifadhi waliobaki ni miamba na mafunjo. Ndani ya mafunjo maji yana hewa kidogo: majani yanayooza yanaimaliza, na upepo haufiki kuyachanganya. Sangara hawezi kukaa humo. Furu wengi wanavumilia, na kamongo hana shida kabisa kwa kuwa anapanda juu kuvuta pumzi. Dume lake hujenga kiota humohumo na kulinda watoto. Kwa hiyo mafunjo ni ukuta ambao adui hauvuki. Mvuvi anayeyaona kama uchafu unaozuia mtumbwi wake, mweleze hivyo. Usimhubirie mazingira, mwambie habari za samaki.

Hatua ya 2: Pima mita 60

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, mto au bwawa shughuli za kudumu za binadamu, na zile ambazo kwa asili yake zinaharibu hifadhi ya ukingo huo. Watu wengi wameisikia sheria hii siku ya kubomolewa tu. Wewe ilete mapema, na ilete kwa kamba.

Chukua kamba ya mita 20, funga fundo kila mita 5, na ivute mara tatu kutoka majini kwenda bara. Kazi ni ya watu wawili na mtoto wa kushika ncha. Weka kigingi au jiwe lililopakwa chokaa kila baada ya hatua hamsini kuufuata ukingo.

Ubishi utakaotokea ni huu: mita 60 kuanzia wapi? Ziwa letu halitulii. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 lilipanda zaidi ya mita mbili, likashuka polepole kwa miaka mingi, na Mei 2020 likapanda tena hadi kukivuka kidogo kile kiwango cha 1964. Waliokuwa wamejenga kwenye "ardhi kavu" walilala na samaki. Ushauri wangu ni mpime kuanzia alama ya maji ya 2020, ambayo kila mtu anaikumbuka na mara nyingi bado inaonekana kwenye kuta na mashina. Ukipima kutoka maji ya leo ya kiangazi, unajipimia kesi ya kesho. Mkiweza, mwiteni afisa ardhi au afisa mazingira wa wilaya awepo siku ya kupima, maana kigingi kilichowekwa mbele yake hakihamishwi kirahisi.

Hatua ya 3: Orodhesha wanaoutumia ukingo, kisha jadiliana nao mmojammoja

Hatua hii ndiyo ndefu kuliko zote, na anayeiruka anarudi mwanzo. Kwetu ilichukua miezi minne.

Wafugaji. Ukifunga ukingo wote utafunguliwa usiku, na hutajua na nani. Acheni lango la mifugo: njia ya upana wa mita 10 hivi inayoshuka moja kwa moja hadi majini, mahali penye changarawe au miamba, si kwenye tope. Zungushia pande zake mbili. Kilomita moja ya ukingo inahitaji lango moja au mawili. Wafugaji wenyewe wachague mahali, kwa sababu wanajua ng'ombe anakubali kuteremka wapi.

Wachota maji na wafuaji. Hawa ni akina mama na watoto, na mkutanoni mara nyingi hawasemi. Waendeeni majini asubuhi. Wanachotaka ni njia fupi na mahali peupe pa kuona mamba. Wapeni vyote viwili.

Wavuvi. Mwalo haufungwi. Mwalo ni mwalo, una watu wake na BMU yake, yaani kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo. Mnachoomba kwa BMU ni kwamba mitumbwi isitoboe njia mpya kwenye mafunjo, na kokoro, ule wavu wa kukokotwa, lisivutwe kwenye maji mafupi. Kokoro limekatazwa, wote wanajua. Lakini si wote wanajua kwamba dume la sato huchimba kiota chake kwenye maji hayohayo mafupi, na kokoro moja linafukia viota vya msimu mzima.

Wakulima wa bustani. Hapa ndipo penye jasho. Nyanya, vitunguu na mchicha vinalimwa ukingoni kwa sababu maji yako karibu na udongo una rutuba, na mwenye bustani ana watoto shuleni kama wewe. Kumwambia "sheria inakataza" ni kumfanya adui mwenye haki nusu. Sisi tulihesabu: bustani tisa ndani ya mita 60. Sita zilihamia juu baada ya kikundi kununua pampu moja ya petroli na mpira wa kufikisha maji, pampu inayozunguka kwa zamu. Mbili zilihama baada ya mavuno ya mwisho, kama tulivyokubaliana kwa maandishi. Moja bado ipo. Mwenyewe ni mjane, na tumekubali imalizike polepole, mita chache kila msimu. Kuna wanaotulaumu kwa hilo. Mimi sijutii.

Wanaowinda. Ndiyo, nao wana jina na nyumba. Vijana wenye mbwa na manati, mzee anayetega kwale kwa nyavu, na yule ambaye kila mtu anajua anauza nyama. Zungumzeni nao kabla ya kuwatangazia vita. Tulimwuliza kijana mmoja anapata nini kwa sungura, akataja bei isiyofika nauli ya kwenda Magu na kurudi. Leo ndiye anayetembea mbele tunapotafuta nyaya, kwa sababu hakuna anayejua kama yeye mahali mtu angetega.

Hatua ya 4: Andikeni sheria ndogo

Makubaliano ya mdomo yanakufa mwenyekiti akibadilika. Njia yake inajulikana: halmashauri ya kijiji inaandaa rasimu, mkutano mkuu wa kijiji unaijadili na kuipitisha, kisha inakwenda halmashauri ya wilaya kuidhinishwa. Mamlaka ya kufanya hivyo yamo kwenye Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya 1982. Mtaa wa mjini, kama ule wa Ilemela au Nyamagana, hauna mamlaka hayo. Hapo mpitie kwa mtendaji wa kata hadi manispaa au jiji.

Rasimu iwe fupi, ukurasa mmoja na nusu. Itaje mipaka kwa majina ambayo watu wanayatumia: kutoka mwamba fulani hadi mkuyu fulani. Itaje malango. Itaje nani anaruhusiwa kukata matete na lini. Ikataze moto, waya, sumu na mbwa wa kuwindia. Faini itajwe kwa shilingi, na itajwe inakwenda wapi. Kama haikutajwa inakwenda wapi, watu wanajua inakwenda wapi.

Kabla ya mkutano mkuu pelekeni viongozi na wazee wawili watatu Saanane, kando ya jiji la Mwanza. Kisiwa kile kilikuwa bustani ya wanyama tangu 1964, na 2013 kikawa hifadhi ya taifa, ndogo kuliko zote nchini, kilomita za mraba 2.18 tu. Boti kutoka Capri Point ni dakika chache. Baadhi ya wanyama wake waliletwa na watu, ni kweli, lakini mtazameni pimbi kwenye mawe na ndege ukingoni, kisha mgeuke mtazame jiji lilivyo karibu. Mwenyekiti wetu alirudi akisema, "Kumbe si lazima iwe Serengeti." Sentensi hiyo ilitufanyia kazi kuliko hotuba zetu zote.

Hatua ya 5: Funga

Seng'enge ni ghali na inaibwa, kisha ndiyo hiyohiyo inayogeuka kuwa mitego. Usiinunue.

Tumia uzio hai. Minyaa inakubali karibu udongo wowote wa kwetu, kuanzia luseni ya kichanga hadi itogolo iliyo ngumu, na mbuzi haigusi. Kata vijiti vya urefu wa mkono, viache kivulini siku mbili tatu utomvu ukauke, kisha visimike mwanzoni mwa vuli, karibukaribu, kwa mstari wa vigingi vya mita 60. Utomvu wake unachoma macho vibaya. Vaa miwani au angalau usijifute uso, na watoto wasikate. Mpaka minyaa ifunge vizuri, miaka miwili au zaidi, zibeni mapengo kwa matawi ya miiba.

Msizungushie njia ya kiboko. Ana njia yake kabla hamjazaliwa, na uzio atauvunja akiwa na hasira. Iacheni wazi na muiandike kwenye ramani.

Moto ni adui wa kiangazi, Juni hadi Septemba. Mwezi Mei, nyasi zikianza kukauka, palilieni kinga moto ya upana wa mita nne hivi nje ya uzio, udongo uonekane. Ni kazi ya siku moja kwa kitongoji kizima, mkitoa uji. Mafunjo yaliyoungua mara moja yatachipua kwa kuwa mashina yake ya chini yako kwenye maji na tope, lakini yakiungua kila mwaka yanakonda na nyasi za kawaida zinachukua nafasi. Tena moto mwingi wa ukingoni si ajali. Huwashwa ili sungura na kwale watoke mbio kwenye nyavu.

Ulinzi wa kila siku waachieni walio na desturi nao. Kwetu ni sungusungu, walinzi wa jadi, kwa zamu ya kila juma, na mambo mazito yanapelekwa dagashida, baraza la jadi la Wasukuma.

Hatua ya 6: Toa nyaya

Kabla ya kuingia, kila mmoja ajue sheria inasemaje, maana mtu anaweza kutoka humo akiwa mtuhumiwa. Kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 wanyamapori ni mali ya umma chini ya dhamana ya Rais. Kuwinda kunahitaji kibali, na mwenye bunduki anahitaji pia leseni ya silaha. Mitego ya nyaya, mashimo, sumu na kuwinda usiku kwa taa ni marufuku. Mwenyekiti wa kijiji hana uwezo wa kumruhusu mtu kuwinda hata kanga mmoja. Akija mtu na barua ya kijiji, mpelekeni kwa afisa wanyamapori wa wilaya au TAWA, Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori. Anayetaka kula nyamapori kihalali, tangu kanuni za 2020 kuna maduka yanayoruhusiwa kuiuza, na risiti inatolewa. Kimoro, yaani nyama ya porini, kinachouzwa gizani bila risiti, mnunuzi yumo hatarini sawa na muuzaji: kukutwa na nyara za serikali ni kesi ya uhujumu uchumi, na watu wamekwenda jela miaka mingi kwa kipande cha nyama.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya doria: msibebe nyama, ngozi, pembe, jino wala yai. Hata mkikuta mnyama amekufa kwenye waya. Pigeni picha, andikeni mahali, piga simu wilayani, subirini.

Doria ifanyike mara moja kwa mwezi, na kila juma kati ya Julai na Oktoba wanyama wanapokuja majini zaidi. Mwende watu sita hadi kumi, mchana, mstari mmoja, kila mtu hatua nne au tano kutoka kwa mwenzake, mwendo wa pole. Mtu wa kando anahesabu na kuandika. Vaeni buti za mpira, kwa sababu ya nyoka na pia kichocho, ambacho kimejaa kwenye maji mafupi ya ukingo huu. Mtu anayeingia majini mara kwa mara aende zahanati apate dawa ya kichocho.

Tazameni hivi. Waya mwingi unatoka kwenye matairi yaliyochomwa, mwembamba, una kutu ya rangi ya majani makavu, na macho yanaupita. Usiutafute waya, tafuta mkono wa mtu: matawi yaliyokatwa kwa panga yakapangwa kama kauzio kadogo pande mbili, na katikati nafasi moja. Nafasi hiyo ndiyo mdomo. Kitanzi cha kiganja kimoja kutoka ardhini ni cha sungura au kanga. Cha usawa wa goti ni cha pongo. Kilichofungwa kwenye gogo zito lisilochimbiwa kimewekwa ili mnyama aburute mpaka achoke. Ukiupata mmoja, simama, kwa sababu mara nyingi upo wa pili karibu.

Kata, kunja, weka kwenye gunia. Usiuache hapo hata ukiwa umeukata, utafungwa tena. Gunia lipimwe kwa kilo mbele ya watu na likabidhiwe ofisini kwa maandishi. Mnyama aliye hai kwenye waya msimsogelee. Hata pongo, mpole anavyoonekana, ana pembe na anajua kuzitumia. Mwiteni afisa.

Nafaka zilizomwagwa mahali pasipo na shamba, zikiwa na rangi au harufu ya dawa, ni sumu ya ndege. Funikeni mikono, zoeni na udongo wake, wekeni mbali na kuku. Ndege waliokufa karibu wasiliwe na mtu wala mbwa.

Msivizie watu usiku. Kikundi kimoja jirani kilijaribu, na kijana alipigwa panga kwa ajili ya digidigi. Taarifa yenye picha, saa na mahali inatosha.

Hatua ya 7: Subiri misimu miwili, ndipo upande

Vuli ya kwanza na masika ya kwanza, msipande kitu. Acheni udongo uonyeshe ulichoficha. Kwetu zilichipua mbegu na visiki tusivyovitegemea: mikuyu, migunga, mikindu karibu na maji. Kilichochipua chenyewe kina mizizi inayojua mahali pake, na hakidai kumwagiliwa.

Panda kwenye mapengo tu. Mkuyu unashika kwa tawi nene lililosimikwa wakati wa mvua. Mikaratusi usiilete kabisa ukingoni, inakunywa maji mengi na chini yake huota vitu vichache. Lantana na mimosa ya miiba ing'olewe ikiwa changa.

Mafunjo yenyewe yanapandwa kwa vipande vya shina la chini. Tafuta mafunjo yenye afya karibu, chimba pembeni, si katikati, ukate kipande cha shina la chini chenye urefu wa shibiri moja na machipukizi mawili au zaidi. Kata mabua marefu yaliyomo, bakiza machipukizi. Kipande kisikauke: kifunge na tope ndani ya gunia, kipandwe siku hiyohiyo. Kipande wekeni kwenye tope lenye unyevu au maji ya kufika kifundo cha mguu, si ndani zaidi, na kikandamizwe kwa jiwe au kijiti chenye panda ili mawimbi yasikichukue. Umbali wa hatua moja baina ya vipande. Mahali penye mawimbi makali anzeni nyuma ya mwamba au nyuma ya matete, kisha mafunjo yatajisogeza yenyewe.

Gugu maji likisukumwa na upepo likalalia vipande vichanga litaviua. Litoeni kwa reki na kulianika mbali na maji. Wadudu wa kulila waliletwa ziwani miaka ya 1990 na wamesaidia, ila hawatakusaidia wewe juma hili.

Hatua ya 8: Vuna, usijinyime

Ngitili isiyofunguliwa kamwe si ngitili, na watu wataichoka. Gawa ukanda wa mafunjo na matete vipande vinne. Kila mwaka kivunwe kimoja, baada ya vifaranga kuondoka, vingine vitatu viachwe. Bua likatwe juu ya maji kwa mundu, lising'olewe. Wasukaji mikeka na waezekaji wapewe kwanza. Mizinga ya nyuki ikae kwenye miti ya upande wa bara, na tahadhari itolewe kwa wachunga ng'ombe.

Hatua ya 9: Jiandae kwa wanyama wakirudi

Hili hatukuliwaza mwanzoni, na lilitushtua. Mafunjo yakirudi, mamba anarudi kujificha. Kwenye mahali pa kuchotea maji fyekeni mita 10 kila upande, watu waone. Simikeni nguzo majini, zikaribiane, zifanye nusu duara, na maji yachotwe ndani yake. Matumbo ya samaki yasitupwe hapo. Mamba hujifunza saa na mahali. Badilisheni vyote viwili mara kwa mara, na mtoto asitumwe maji jua likizama.

Kiboko anatoka usiku kula nyasi, na hatari yake kubwa ni kukukuta umesimama kati yake na maji. Mlinzi wa bustani alale upande wa bara, na kurunzi.

Mtu akijeruhiwa au kuuawa, au mazao yakiharibiwa na wanyama, toeni taarifa siku hiyohiyo kwa mtendaji wa kijiji na afisa wanyamapori, na picha kabla hakijaguswa kitu. Kifuta machozi ni kwa ajili ya mtu, kifuta jasho ni kwa ajili ya mali. Hakuna kati ya hivyo kinachorudisha thamani yote, majina yenyewe yanasema. Tena mwenye bustani iliyo ndani ya mita 60 atadai huku yeye mwenyewe yumo mahali palipokatazwa.

Hatua ya 10: Daftari

Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, saa moja asubuhi, jiwe lilelile, dakika ishirini, mtu yuleyule akiwezekana. Safu tano: tarehe, urefu wa maji kwenye kigingi, ndege kwa aina na idadi, alama za wanyama, nyaya zilizotolewa. Usiandike "wengi". Andika 14. Mwezi ambao hukuona kitu andika sufuri, kwa sababu sufuri nayo ni habari, na afisa wa wilaya ataamini daftari lenye sufuri kuliko lenye sifa tupu.

La kwetu lina miaka sita sasa. Ukurasa wa kwanza: nyangenyange 3, mavi ya fisi maji hakuna, nyaya 31. Mwezi uliopita: mnandi 22, nyangenyange 17, mdiria 6, mavi mabichi ya fisi maji sehemu mbili, nyaya 2. Mbuzi ndani ya uzio: 1, wa yule mzee.